Mlo wa saa nne usiku, usingizi wa mang'amung'amu na presha ya asubuhi: tupange upya saa za kula

#1 Mshipa Mkuu

Wakuu, nini cha kula tumeshakijadili sana: mafuta gani, chumvi kiasi gani, sembe au dona. Kinachosahaulika ni saa. Sahani ileile ya wali, maharage na samaki ikiliwa saa kumi na mbili jioni, na ikiliwa saa nne usiku, mwili hauipokei kwa namna moja. Uzi huu ni wa hilo tu. Saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili, na nikisema "masaa" nahesabu muda, sitaji saa ya ukutani, tusije tukachanganyana.

Tuanze na kongosho. Usiku ukiingia ubongo hutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Huanza kupanda kama masaa mawili kabla ya muda ambao mtu amezoea kulala. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, huipokea hiyo melatonini, na zikishaipokea hupunguza kasi ya kazi. Sasa mtu analala saa tano na anakula saa nne. Chakula kinaingia wakati mwenye duka ameshaanza kufunga milango, na sukari inabaki juu kwenye damu muda mrefu kuliko ingekuwa jioni.

Hili limepimwa. Watafiti wa Murcia, Hispania, na wenzao wa Boston waliwanywesha glukosi watu 845, mara moja masaa 4 kabla ya muda wao wa kulala, na siku nyingine saa 1 tu kabla. Karibu na kulala melatonini ilikuwa juu mara 3.5, insulini ikapungua kwa 6.7%, na sukari ikapanda kwa 8.3%. Mwaka 2020 watu wa Johns Hopkins, Marekani, wakapima mlo wenyewe: watu 20 wenye afya, chakula kilekile, saa kumi na mbili jioni au saa nne usiku, kulala saa tano. Waliokula saa nne kilele cha sukari kilikuwa juu kwa 18% na uchomaji wa mafuta usiku ulipungua kwa karibu 10%. Ikitokea usiku mmoja si neno. Shida ni pale inapokuwa desturi ya nyumba kwa miaka 20.

Moyo unaingiaje? Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usiku kwa 10% hadi 20% ukilinganisha na mchana. Huo ndio muda ambao moyo na mishipa hupumzika. Wapo ambao presha yao haishuki, na hao ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kiharusi, moyo kutanuka na figo kuharibika, hata kama kipimo cha mchana kwenye zahanati kinaonekana kizuri. Mambo matatu ya jioni huchangia kuizuia isishuke: chumvi nyingi, usingizi unaokatika, na kukoroma kule kunakoambatana na pumzi kukata. Tumbo lililojaa linachochea hayo mawili ya mwisho.

Ufaransa walifuatilia watu 103,389 kwa takriban miaka 7. Wanaokula mlo wa mwisho baada ya saa tatu usiku, wakilinganishwa na wanaomaliza kabla ya saa mbili, walikuwa na magonjwa ya mishipa ya ubongo, kiharusi kikiwemo, zaidi kwa 28%, na ilionekana wazi zaidi kwa wanawake. Kila saa moja ya kuchelewesha mlo wa kwanza wa siku iliambatana na ongezeko la 6% la magonjwa ya moyo na mishipa kwa ujumla. Ule ulikuwa uchunguzi wa kufuatilia, si jaribio, kwa hiyo hauthibitishi kwamba saa ndiyo chanzo. Lakini unakwenda sambamba na vipimo vya maabara nilivyotaja.

Pendekezo langu ni moja: mlo mzito uishe masaa 3 kabla ya kulala, na uzito wa chakula cha siku uhamie mchana. Karibuni.

#2 Foleni ya Mbagala

Mkuu, darasa zuri, ila hapo kwenye masaa 3 ndipo penye shida. Mtu anatoka Posta saa kumi na moja na nusu, anafika nyumbani saa mbili, moto unawashwa saa mbili na robo, ugali mezani saa tatu na nusu. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni tena, kwa hiyo lazima alale saa nne. Hayo masaa 3 anayatoa wapi?

#3 Bi Lishe

Hayatoki popote, dada, kwa hiyo tusimwambie ahamishe saa. Tumwambie agawe mlo.

Mlo mkubwa wa siku uwe ule wa saa saba mchana. Hapo ndipo ukae ugali wa kujaa ngumi mbili, au wali vikombe viwili, na maharage, mboga za majani, samaki. Watu wengi mjini wanafanya kinyume: mchana chapati mbili na chai, usiku wanalipiza. Njaa ya saa tatu usiku imepikwa mchana.

Halafu ile saa kumi au kumi na moja, kabla ya kuingia kwenye foleni, apate kitu chenye kalori kama 250 hadi 300. Kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi na konzi ya karanga, karibu gramu 30, kinafika hapo. Vilevile mayai mawili ya kuchemsha na ndizi mbivu moja, au mtindi kikombe na muhogo wa kuchemsha vipande viwili. Vyote vinapatikana kituoni, na vyote vinatoshea kwenye kibakuli cha kutoka navyo nyumbani. Maandazi na soda havifai hapa. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Sukari inapanda haraka, inashuka haraka, na mtu anafika nyumbani na njaa kali zaidi.

Akifika saa mbili, mlo wa nyumbani uwe nusu ya ule aliouzoea, na usiwe na mafuta mengi. Ugali wa ngumi moja, mboga za majani sahani nusu, na kipande cha samaki wa kuchemsha au maharage kikombe nusu. Mlo wa namna hiyo hutoka tumboni mapema kuliko nyama ya kukaanga. Mafuta ndiyo yanayochelewesha tumbo kumwaga chakula chini, kwa hiyo mwenye saa moja na nusu tu kabla ya kulala ayakate hayo kwanza kabla hajafikiria kukata wanga.

Kuhusu moto kuwashwa saa mbili na robo: maharage yachemshwe Jumapili, kilo moja nzima, bila chumvi, yagawanywe kwenye vibakuli sita na kugandishwa. Asiye na jokofu aloweke usiku, alfajiri ayaivishe kwenye chupa kubwa ya chai inayotunza joto: maharage yaliyochemka dakika 10 kamili juu ya moto, yakamiminwa na maji yake yanayotokota kwenye chupa ya lita 2 inayoshika joto vizuri, jioni yanakuwa karibu kuiva na humaliziwa dakika chache. Hizo dakika 10 za kutokota mwanzoni zisirukwe, maana maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoharibika kwa mchemko tu, na joto la chupa peke yake haliiondoi. Yakifunguliwa yakiwa vuguvugu tu badala ya moto, yamwagwe.

#4 Chungu cha Udongo

Naongezea kwa Bi Lishe kwenye aina ya chakula, maana saa peke yake haitoshi. Kuna jaribio la mwaka 2016 kwa watu wazima 26. Siku walizopewa chakula kilichopangwa na wataalamu walisinzia ndani ya dakika 17. Siku waliyojichagulia wenyewe ilichukua dakika 29. Nyuzinyuzi kidogo na mafuta mazito mengi viliendana na usingizi mzito mchache, na sukari nyingi iliendana na kushtukashtuka usiku.

Sasa angalieni chipsi mayai ya saa nne. Kalori hupita 800 kirahisi, nyuzinyuzi kiduchu, mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, chumvi ya kunyunyizia juu, kisha tomato sosi ambayo nayo ina chumvi na sukari. Chakula kibaya saa mbaya. Mwenye kuipenda aile mchana, na kachumbari ya kutosha, na si kila siku.

Chumvi nisisitize. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kiungo cha mchuzi cha kipande karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, kwa hiyo aliyeweka vipande viwili kisha akaongeza chumvi anaweza kuwa ameshavuka bila kujua. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Ng'onda aloekwe masaa kadhaa, maji yamwagwe mara mbili, ndipo apikwe bila chumvi nyingine. Ukila chumvi nyingi jioni, figo hufanya kazi ya kuitoa usiku: presha inabaki juu, kiu inakuamsha, kisha mkojo unakuamsha.

#5 Kahawa Chungu

Mmesahau vinywaji. Kafeini hupungua kwa nusu kila baada ya masaa kama 5, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa. Mjamzito na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo muda mrefu zaidi. Chukua miligramu 100 saa kumi na moja jioni: saa nne usiku bado una 50 kichwani. Kuna jaribio la mwaka 2013 lililowapa watu miligramu 400 masaa 6 kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi, na wengi wao hawakuona kama wamelala vibaya. Hilo ndilo linaloponza. Mtu anasema "mimi kahawa hainizuii kulala", na kweli anasinzia, lakini usingizi wenyewe ni mwepesi.

Kwa hesabu za kawaida: kikombe cha chai ya majani miligramu 40 hadi 50, na ile inayotokota jikoni robo saa na maziwa inaweza kuzidi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu miligramu 80, na chupa kubwa ni maradufu. Kola ya mililita 350 kama 35. Kikomo kizuri kwa anayelala saa nne au tano ni saa nane mchana. Baada ya hapo mchaichai, tangawizi, mdalasini, au maziwa ya moto, bila vijiko vinne vya sukari.

Na miraa. Hii huvunja yote matatu kwa mkupuo: huondoa usingizi, hupandisha mapigo na presha, na hukata njaa mpaka usiku wa manane, ndipo mtu anakula mlo mzito na kujilaza. Mwenye presha au aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo hana kipimo salama cha miraa.

Pombe nayo huonekana kama dawa ya usingizi kwa sababu humlaza mtu haraka. Bia ya nusu lita yenye 5% ina kilevi gramu 20, na ini huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Bia tatu zilizoisha saa nne zinamalizika mwilini alfajiri, na muda wote huo moyo unadunda kasi zaidi, koo limelegea na kukoroma kumeongezeka. Kuzinduka saa tisa usiku huku moyo ukipiga kunatokana na hapo.

#6 Mfamasia wa Kona

Kabla watu hawajakimbilia kusogeza mlo, wenye dawa wasome hapa polepole.

Mwenye kisukari anayetumia vidonge vya glibenklamidi au sindano za insulini asiruke chakula cha usiku, na asikipunguze ghafla kwa sababu ya uzi. Dozi yake imepangwa kwa chakula alichokuwa anakula. Insulini ya mchanganyiko inayochomwa mara mbili kwa siku huchomwa dakika 30 kabla ya mlo. Mlo ukisogea kutoka saa tatu kwenda saa moja, sindano inasogea nao, na ile sehemu yake ya polepole inafika kilele usiku mtu akiwa amelala. Kwa hiyo mabadiliko yafanywe kwa kuzungumza kwanza na kliniki ya kisukari, yafanywe nusu saa kwa nusu saa, na usiku mbili tatu za mwanzo apime sukari kabla ya kulala na saa tisa usiku. Ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), anywe sukari gramu 15, yaani karibu vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale kitu kidogo. Shuka kulowa jasho, ndoto za kutisha na kichwa kuuma asubuhi ni dalili za sukari kushuka usiku. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, haishushi sukari hivyo ikiwa peke yake, ila imezwe pamoja na mlo, la sivyo tumbo litavuruga usingizi.

Dawa za kukojoza kama Lasix: dozi moja ni asubuhi. Mwenye dozi mbili, ya pili isipite saa kumi alasiri, maana inakojoza kama masaa 6. Wagonjwa wengi huamka mara nne usiku na kulaumu kisukari au tezi dume, kumbe kidonge kimemezwa na chakula cha usiku.

Amlodipini na dawa nyingine za presha za mara moja kwa siku: Uingereza walifuatilia watu 21,104 kwa zaidi ya miaka 5, nusu wakimeza asubuhi, nusu jioni. Matokeo yalitoka mwaka 2022, na hakukuwa na tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Meza saa ambayo hutasahau. Kwa dawa za kolesteroli, simvastatini ni ya jioni. Atorvastatini ni saa yoyote.

Omeprazoli inakosewa kila siku. Watu wanaimeza baada ya kula, kiungulia kikishaanza. Inatakiwa kumezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, kwa wengi kabla ya chai ya asubuhi. Ikimezwa baada ya mlo wa usiku inafanya kazi pungufu, mgonjwa anaona haimsaidii, anaongeza dozi.

#7 Sauti ya Moyo

Mfamasia amegusa kiungulia, nami nashukia hapo, maana hapa watu wanapoteza maisha.

Ukilala na tumbo limejaa, asidi hupanda kwenye umio kwa sababu mlango wa juu wa tumbo umelegea na mvuto wa dunia hausaidii tena. Mafuta, pombe na chokoleti huulegeza zaidi. Tiba isiyo na gharama ni masaa 3 kati ya mlo na kulala, kulala ubavu wa kushoto, na kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwa sentimita 15 hadi 20 kwa matofali au vipande vya mbao. Mito miwili haisaidii, kwa sababu inakunja mwili tumboni na kusukuma asidi juu zaidi.

Lakini si kila moto wa kifuani ni gesi. Kwetu neno "gesi" limebeba mizigo isiyo yake. Mlo mzito unaupa moyo kazi ya ziada kwa sababu damu nyingi inapelekwa tumboni, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata maumivu muda huohuo, mara nyingi usiku. Kiungulia huwaka kuja juu kooni, huleta ladha chungu mdomoni, huzidi ukiinama, na hupungua kwa dawa ya asidi. Maumivu ya moyo hubana au kukandamiza kama mzigo katikati ya kifua, huenda mkono wa kushoto, taya, mgongo au shingo, na huja na jasho la baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasipate maumivu makali kabisa, wakapata uchovu wa ghafla, kukosa pumzi na tumbo la juu kusumbua tu. Dalili kama hizo zikipita dakika 10, au zikitokea ukipanda ngazi na kupotea ukikaa, ni hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, usiku huohuo. Kunywa magadi au tangawizi na kungoja kukuche ni kupoteza muda ambao misuli ya moyo inakufa.

#8 Foleni ya Mbagala

Asante sana daktari. Na wazee je? Kuna mzee akimaliza kula tu anasinzia mezani, akisimama anapepesuka.

#9 Sauti ya Moyo

Apimwe presha kabla ya kula, kisha nusu saa, saa moja na masaa mawili baada ya kula, akiwa amekaa na akiwa amesimama. Kwa wazee, hasa wenye kisukari au ugonjwa wa kutetemeka, namba ya juu ya presha inaweza kushuka kwa 20 au zaidi ndani ya masaa mawili ya mlo mkubwa wa wanga. Chakula cha siku kigawanywe kiwe milo midogo mitano, anywe glasi ya maji kabla ya kula kama hajawekewa kikomo cha maji, na asisimame ghafla. Vipimo hivyo vipelekwe kwa daktari wake, asipunguziwe dawa nyumbani.

#10 Zamu ya Usiku

Walinzi, wauguzi, madereva wa malori na wa viwandani wao walale wapi kwenye mpango huu? Maelekezo yenu yote yanamdhania mtu analala usiku. Naweka ya upande wetu.

Kuna jaribio la mwaka 2021 lililowaweka watu 19 kwenye zamu za usiku za kuigiza. Waliokula usiku, sukari yao ilipanda kwa 6.4%. Waliofanya kazi usiku lakini wakala mchana tu haikupanda. Kwa maana nyingine, kukesha kunaumiza, na kula wakati wa kukesha kunaongeza.

Kwa zamu ya saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, mlo mkubwa uwe saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kabla ya kuingia. Kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri tumbo liachwe jepesi. Njaa ikibana, kalori 150 hadi 200 zinatosha: konzi ya karanga, yai na nusu parachichi, au uji wa dona kikombe kisicho na sukari nyingi. Wali na nyama vya saa nane usiku ndivyo vinavyoleta usingizi mzito wa saa kumi, ule wa kugonga gari. Kahawa au chai iishe kabla ya saa saba usiku. Asubuhi kabla ya kulala, chakula kidogo tu ili njaa isimwamshe saa nne: uji, au mkate vipande viwili na yai. Dirisha lifunikwe kwa kitambaa kizito. Akiamka saa tisa alasiri, huo ndio mlo wake wa pili mkubwa.

#11 Mwana wa Baraza

Assalaam aleikum. Kwa kuwa Ramadhani huja na saa zake, niseme la watu wa mwambao. Tatizo si kufunga. Tatizo ni futari kuwa milo mitatu mfululizo: sambusa, bajia na kaimati magharibi, kisha viazi vya nazi, mihogo na mkate wa kumimina, halafu biriani baada ya tarawehe, saa nne au saa tano. Siku nzima imekunjwa ndani ya masaa matano, na kulala kunafuata juu yake.

Kinachofaa: tende tatu na maji, kisha uji wa mtama au supu ya dengu bakuli moja, kisha Magharibi. Baada ya sala mlo kamili mmoja, saa moja na nusu, usiozidi sahani moja. Vya kukaanga viwe kimoja mezani, si vinne. Baada ya tarawehe maji na matunda basi. Daku lichelewe hadi karibu na alfajiri, liwe na vitu vya kukaa tumboni: maharage, mayai, mtindi, ugali wa mtama, na si wali mweupe na chai. Maji yagawanywe, glasi mbili magharibi, moja kila saa hadi kulala, mbili daku, maana anayeyamaliza yote saa tano usiku ataamka kwa haja badala ya tahajudi. Mwenye moyo dhaifu, aliyelazwa karibuni kwa mshtuko wa moyo, au anayechoma insulini aende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Ruhusa ya mgonjwa ipo ndani ya dini yenyewe.

#12 Dirisha la Kula

Waaleikum salaam. Hapo naona njia rahisi zaidi: kula ndani ya masaa 8, kufunga 16. Mtu aanze saa sita mchana, amalize saa mbili usiku. Kwa nini hamulipendekezi?

#13 Mshipa Mkuu

Kwa sababu dirisha lako limekaa upande mbaya wa siku, ndugu. Jaribio lililoshusha presha vizuri, la mwaka 2018 kwa wanaume 8 wenye dalili za kuelekea kisukari, lilikuwa na dirisha la masaa 6 na chakula cha mwisho kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya wiki 5 presha ilishuka kwa takriban 11 juu na 10 chini. Watu wanane ni wachache, na kumaliza kula saa tisa hakuwezekani kwa mwenye familia, lakini upande wa siku walioutumia ni wa asubuhi. Kuruka chai ya asubuhi ili ule usiku ni kinyume chake.

Pia ipo ile taarifa ya Machi 2024 iliyotolewa Chicago, ikihusisha dirisha la chini ya masaa 8 na vifo zaidi vya moyo, 91%. Nayo tusiibebe kama fimbo: watu waliulizwa walichokula kwa siku mbili tu, kisha wakafuatiliwa miaka. Anayekula ndani ya muda mfupi anaweza kuwa tayari mgonjwa, au hana pesa ya mlo wa tatu. Kwa sasa dirisha la masaa 10 hadi 12, mfano saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, halina ugomvi na ushahidi wowote ninaoufahamu, na usiku unapata masaa 12 bila chakula.

#14 Bi Lishe

Na asiyepata usingizi asilazimishe njaa. Njaa halisi inamwamsha mtu kama kiungulia kinavyomwamsha. Isitoshe, usiku mfupi unazaa njaa: mwaka 2004 Chicago waliwanyima usingizi vijana 12 wa kiume kwa siku mbili, wakilala masaa 4 tu kila usiku, homoni ya njaa ikapanda 28% na ile ya shibe ikashuka 18%, na walichotamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga. Kwa hiyo anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja atapigana na andazi kila siku na atashindwa. Aanze kwa kuongeza dakika 30 za kulala, ndipo apunguze sahani.

#15 Kipimo Sahihi

Anayetaka kujua kama mabadiliko yanamsaidia apime, asikisie. Wiki ya kwanza asibadilishe kitu. Aandike saa aliyomaliza mlo wa mwisho, saa aliyozima taa, mara alizoamka, na presha ya asubuhi. Presha ipimwe ndani ya saa moja ya kuamka, baada ya kukojoa, kabla ya chai na kabla ya dawa, amekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Vipimo viwili, dakika moja kati yake, wastani uandikwe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu za uongo, kwa hiyo apime kwanza mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani na kulinganisha na alama za mkanda. Mashine za kifundo cha mkono hukosea zaidi.

Wiki ya pili na ya tatu abadilishe jambo moja tu, mlo wa usiku, kwa kuusogeza au kuupunguza nusu. Siku ya kwanza ya kila wiki ya vipimo iachwe, wastani uchukuliwe kwa siku sita zilizobaki. Nyumbani 135 kwa 85 kwenda juu ni presha ya juu. Wastani ukibaki juu ya hapo, daftari liende kliniki, na dawa zisiachwe. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi zikikata na mwenzake akasikia, aseme hilo kliniki hata kama namba ni nzuri.

#16 Foleni ya Mbagala

Swali la mwisho kwa Bi Lishe. Mlo uliisha saa kumi na mbili na nusu, sasa ni saa nne na njaa imebana. Ale nini?

#17 Bi Lishe

Kikombe kimoja cha maziwa ya vuguvugu bila sukari, au ndizi mbivu moja na karanga nusu konzi. Kalori 150 hadi 200, basi. Ale akiwa amekaa wima, asubiri nusu saa kabla ya kulala. Na kesho yake aongeze maharage kikombe nusu kwenye mlo wa mchana, aangalie kama saa nne njaa itarudi.